Sanduku la Tamaduni za Dunia kwa Darasa la Chekechea: Je, Linafaa Kununuliwa?

Mada ya tamaduni za dunia hupendwa sana katika madarasa ya chekechea ya Nairobi, hasa katika muhula wa pili, ambapo tarehe 21 Mei, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya uanuwai wa kitamaduni, huwapa walimu sababu ya kuandaa maonyesho, nyimbo na mavazi. Mwalimu mwenye watoto wengi na muda mchache hushawishika kwa urahisi kununua sanduku lililokwisha kupangwa, ambalo kifuniko chake kinaahidi kuileta dunia nzima darasani. Shule yetu, iliyoko Ngara, ilinunua sanduku la aina hiyo katika duka moja la vifaa vya shule katikati ya jiji kwa shilingi 14,500, nami nimelitumia na watoto wa PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea, kwa muhula mzima. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu na wakuu wa shule wanaofikiria kulinunua, kwa kuwa bei hiyo si ndogo kwa shule ya mtaani, na kwa kuwa yale anayoonyeshwa mtoto wa miaka mitano kuhusu watu wengine, na kuhusu watu wake mwenyewe, hukaa naye kwa muda mrefu.

Ndani ya sanduku mna wanasesere kumi na wawili wa plastiki waliovikwa mavazi ya mataifa, zulia jepesi la ramani ya dunia, kadi za picha, bendera ndogo za kitambaa, ala nne za muziki zenye ukubwa wa mtoto, na kijitabu cha mwongozo kwa mwalimu. Kwa maoni yangu, bendera na ala zinafaa, kadi zinafaa kwa kiasi, ilhali wanasesere, ramani na hasa mwongozo vinahitaji kurekebishwa au kuwekwa kando. Plastiki ni imara na ushonaji ni mzuri. Sina ugomvi navyo. Ninachokipinga ni wazo linaloliongoza sanduku zima, kwamba utamaduni ni kitu cha watu wa mbali, cha kuvaliwa na kupigwa picha, wakati darasa la Nairobi limejaa tamaduni zinazopikwa, zinazoimbwa na kuzungumzwa kila jioni katika nyumba za watoto wale wale walioketi mkekani.

Nianze na wanasesere, kwa sababu ndio wanaoonyeshwa kwenye kifuniko na ndio watoto huwakimbilia. Mwanasesere wa Japani amevikwa kimono ambayo upande wake wa kulia umelazwa juu ya upande wa kushoto. Kwa Wajapani, mtu aliye hai huvaa upande wa kushoto ukiwa juu, na mpangilio wa kinyume huachiwa maiti anapoandaliwa kwa mazishi. Mtoto wa Ngara hawezi kulijua hilo, lakini mzazi Mjapani akiingia darasani ataliona mara moja, kama vile mama wa Pwani anavyoona papo hapo leso iliyofungwa maneno yakiwa juu chini. Mwanasesere wa India naye ana sketi iliyoshonwa na kipande cha kitambaa kilichogandishwa begani, na mavazi hayo hayavuliki, kwa hiyo mtoto anakosa jambo linaloifanya sari kuwa ya ajabu, yaani kwamba ni kitambaa kimoja kirefu, mara nyingi cha zaidi ya mita tano, kinachokunjwa na kuzungushwa mwilini hadi kikawa vazi kamili.

Lililoniuma zaidi ni mwanasesere wa kwetu. Wenzake kumi na mmoja wana vibandiko vyenye majina ya nchi: Japani, India, Uholanzi, Meksiko, Urusi na nyinginezo. Wa kwetu ameandikwa "Afrika", na amevikwa kitambaa chenye madoa ya chui. Bara lenye nchi 54 zilizo wanachama wa Umoja wa Mataifa limepewa mwanasesere mmoja asiye na nchi, na kwenye kadi za picha limepewa nyumba ya nyasi na twiga. Katika darasa langu kuna watoto ambao wazazi wao wametoka Kisumu, Murang'a, Garissa na Bukavu, na kuna watoto wa familia za Kigujarati ambazo zimeishi Ngara na Parklands kwa vizazi kadhaa na ambazo jamii yao ilitambuliwa rasmi na serikali mwaka 2017 kuwa jamii ya 44 ya Kenya. Sikuweza kumshika yule mwanasesere mbele yao na kusema kwamba huyu ndiye sisi. Nilikiondoa kibandiko, nikamshonea gauni dogo la kitenge, na sasa yumo kwenye kona ya michezo bila jina la bara wala la nchi.

Zulia la ramani lina tatizo la namna hiyo hiyo, ingawa hapa kosa ni la zamani na halikubuniwa na mtengenezaji wa sanduku. Ramani iliyochapishwa juu yake ni ya mchoro wa Mercator, uliobuniwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ambao huzikuza nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia. Greenland inaonekana kukaribia ukubwa wa Afrika, ilhali Afrika ina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 30 na Greenland ina milioni 2 na kidogo, yaani Afrika ni kubwa takriban mara 14. Mtu anaweza kudai kwamba mtoto wa miaka mitano haelewi ramani, na ni kweli kwamba haelewi nchi wala mipaka, lakini ukubwa anauelewa vizuri sana, hasa anapoupima kwa hatua zake mwenyewe akitembea juu ya zulia. Mwezi Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ramani hiyo shuleni na katika taasisi, na zipo ramani mbadala zinazoheshimu ukubwa halisi wa mabara, mojawapo ikiwa ile ya Equal Earth iliyotolewa mwaka 2018 na inayopatikana bila malipo. Niliipakua, nikaipeleka kwa wachapishaji wa mabango mjini, na bango lililotoka ni gumu kuliko zulia lenyewe na hufutika kwa kitambaa chenye maji, jambo ambalo kila mwalimu wa chekechea atalithamini.

Bendera hazina shida kubwa. Zimeshonwa vizuri, na ile ya Nepal imeachwa na umbo lake la pembe mbili badala ya kulazimishwa kuwa mstatili, jambo lililowafurahisha watoto sana. Ala za muziki ni ndogo lakini zinalia kweli, na kibandiko cha Shirika la Viwango la Kenya kwa bidhaa za kutoka nje kilikuwepo, ingawa ningemshauri kila mnunuzi akitafute mwenyewe kabla ya kulipa. Mbegu zilizo ndani ya maraka, yaani manyanga, zisipofungiwa vizuri ni hatari kwa ndugu wadogo ambao huja kuwachukua wenzao saa za kurudi nyumbani. Kadi za picha zina karatasi nzuri, na picha za vyakula na za masoko zinafaa. Zile za Afrika nimeziondoa.

Sasa nije kwenye mwongozo, ambao ndio unaoamua sanduku litatumiwa vipi. Unampangia mwalimu nchi moja kila wiki: Jumatatu bendera, Jumanne vazi, Jumatano chakula, Alhamisi wimbo, Ijumaa sherehe, kisha wiki inayofuata nchi nyingine. Mtaalamu wa malezi ya awali kutoka Marekani, Louise Derman-Sparks, aliwaonya walimu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya ufundishaji wa namna hii, ambao aliulinganisha na safari ya mtalii: mtoto anatembelea watu siku ya sikukuu zao, anawaona wakiwa wamevaa nguo ambazo hawavai siku za kawaida, kisha anarudi kwao akiamini kwamba wale ni wa ajabu na yeye ndiye wa kawaida. Nimeona ukweli wa onyo hilo. Baada ya wiki ya Uholanzi, watoto wangu walijua viatu vya mbao, wakawa na hakika kwamba kila Mholanzi huvivaa kwenda shuleni.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unatuelekeza tuanze na mtoto mwenyewe, familia yake, nyumbani kwake na mazingira yanayomzunguka, na mada ya tamaduni za dunia inaweza kuifuata njia hiyo bila shida. Badala ya kuuliza wiki hii ni ya nchi gani, niliuliza ni jambo gani ambalo kila mtoto aliye duniani hufanyiwa au hulifanya. Hubebwa. Hula. Husalimiwa. Hubembelezwa alale. Hucheza. Kila jambo nililipa majuma mawili, na kwa kila jambo nilitafuta vitu halisi ambavyo watu wa Nairobi hii wanavitumia. Vitu hivyo havimo sandukuni, na sehemu iliyobaki ya tathmini hii nitaitumia kueleza vinapatikana wapi, kwa sababu hapo ndipo pesa za shule zinapoleta faida.

Kubebwa ndiko kulikofana kuliko yote. Biashara Street bado ndiyo mahali pa kwanza pa kwenda kwa vitambaa, na wauzaji wa huko wana subira na mwalimu anayeuliza maswali mengi. Nunua doti nzima ya leso, usikubali kukatiwa upande mmoja, ili watoto waone pande mbili zinazofanana, pindo linalozunguka, mji wa katikati na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini. Nunua pia mita chache za kitenge na kikoi kimoja. Kisha mwalike mzazi mwenye mtoto mchanga. Kwetu alikuja mama mmoja mwenye asili ya Kongo, akainama mbele ya watoto hadi mgongo ukawa kama meza, akamlaza mtoto tumbo likiwa limeugusa mgongo wake, akakitupia kitenge juu yake, akazipitisha ncha za juu chini ya makwapa na kuzifunga kifuani, kisha akazikaza zile za chini kiunoni, na yote hayo aliyafanya akizungumza nao kuhusu jina la mtoto. Msichana mmoja alimwuliza, "Mama, hataanguka?" Akajibu, "Akianguka, mwanangu, mimi ndiye sijui kufunga." Watoto walicheka, kisha wote wakataka kujaribu.

Hapo ndipo wanasesere wa sanduku waliposhindwa tena. Miguu yao ni migumu na haipanuki, kwa hiyo hawashikamani na mgongo. Wanateleza na kudondoka hata kitambaa kikifungwa vizuri. Wanasesere wa kitambaa wanaouzwa na akina mama katika Maasai Market, soko linalohama mahali kulingana na siku ya wiki, wanakaa mgongoni bila taabu, wanafuliwa, na bei yake hupunguzwa mtu akinunua kadhaa. Nilichapisha picha za namna nyingine za kubeba: podaegi ya Wakorea, ambayo ni blanketi lenye mikanda mirefu, rebozo ya Meksiko, ambayo ni shali ndefu, na amauti ya akina mama wa Inuit, wenyeji wa nchi za baridi kali za kaskazini, ambayo ni koti la baridi lenye mfuko mgongoni, mtoto akikaa humo karibu na mwili wa mama yake. Nyanya wa mmoja wa wanafunzi wangu alikuja akatueleza kuhusu ghodiyu, kitanda cha kitambaa kinachoning'inia ambacho Wagujarati huwabembelezea watoto, na akaimba wimbo wa kubembeleza aliouimbiwa na mama yake. Watoto hawakuhitaji kuambiwa kwamba watu wote ni sawa. Waliona kwamba kila mahali mtoto anabebwa na mtu anayemtaka asianguke, na kwamba kila mahali wamebuni njia yao.

Kwa vyombo na ala, nenda Kariokor. Soko hilo, ambalo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lina viondo vya kila ukubwa, na wasusi wenyewe hukaa hapo wakisuka. Omba vile vidogo vya watoto na uchague vyenye mkono wa katani, si wa ngozi, kwa sababu ngozi ikilowa kwenye meza ya rangi hupasuka. Mama niliyenunua kwake alinionyesha jinsi kiondo kinavyoanzia kwenye kitako, na akaniachia kimoja kisichokamilika ili watoto waone nyuzi zikiwa bado zimesimama. Hicho ndicho kilichoshikwa zaidi darasani. Ukipata kayamba, inunue badala ya kutegemea maraka ya plastiki: mabua yake yamepangwa wazi, mtoto anasikia mbegu zikikimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine, na anaweza kuelezwa sauti inatoka wapi. Shanga nazo zina habari nzuri ya kusimulia, maana nyingi ya shanga za kioo ambazo akina mama wa Kimaasai huzitunga zimetengenezwa Jamhuri ya Cheki. Mtoto akiziweka shanga hizo kwenye ramani ya sakafuni, na uzi ukavutwa kutoka Ulaya hadi Kajiado, anaona kwamba vitu husafiri, na kwamba kitu kilichotoka mbali kinaweza kuwa chetu kabisa kwa namna tunavyokitumia.

Katika mada ya kula, nilichagua mikate bapa peke yake. Chapati ilitoka nyumbani kwa watoto wenyewe, anjero ya Kisomali ilitoka Eastleigh, injera ilitoka katika mkahawa wa Kihabeshi, na chapati za mahindi za Kimeksiko tuliziandaa wenyewe kwa unga uliokandwa na kuchomwa kwenye kikaango kikavu. Injera iliwashangaza kwa vishimo vyake vingi na uchachu wake, unaotokana na unga wa tefu kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa. Nao mahindi, ambayo watoto waliamini ni ya Kenya tangu mwanzo wa dunia, yaliwafikia wazee wetu kutoka mabara ya Amerika, baada ya wakulima wa Meksiko kuyaendeleza kutoka kwenye nyasi ya porini takriban miaka 9,000 iliyopita. Mwalimu anayefuata njia hii awaulize wazazi mapema kuhusu mzio, hasa wa karanga na ufuta, na aiache nyama kabisa. Katika darasa lenye watoto wa Kiislamu, wa Kihindu na wa Kijaini, mkate na mboga zisizo za mizizi huwaketisha wote mezani pamoja bila mtoto hata mmoja kutengwa.

Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1930 na ambayo kwetu Ngara yako karibu, yanafaa kwa ziara moja, mradi mwalimu asijaribu kuyamaliza. Kuna ukumbi unaoonyesha hatua za maisha ya mwanadamu katika jamii za Kenya, kuanzia kuzaliwa hadi uzee, na huo unatosha. Tuliingia, tukavitafuta vitu vya watoto pekee, tukatoka kabla hawajachoka.

Jambo moja linalohusu siku yenyewe ya utamaduni ningependa lifikiriwe na kila shule. Mwongozo wa sanduku unapendekeza kila mtoto aje na vazi la kwao. Nairobi ina watoto wengi ambao mama ni wa jamii moja na baba ni wa nyingine, ambao lugha ya nyumbani ni Kiswahili au Sheng, na ambao wazazi wao hulazimika kukodi shuka na vibuyu kwa pesa wasizo nazo ili mtoto asiaibike. Sisi tuliomba kila mtoto alete kitu kimoja kinachotumiwa nyumbani kwao kila siku. Ililetwa mizani ndogo ya viungo, mkeka wa kuswalia, na kawa, yaani kifuniko cha chakula cha kusuka, yenye rangi nyingi kutoka kwa familia ya Kinubi ya Kibra. Mvulana mmoja alileta chupa ya chai, kwa sababu, alivyosema, kwao mgeni hawezi kuondoka kabla haijafunguliwa. Tuliiweka mezani kando ya jebena ya kahawa ya Waethiopia, na haikuhitaji maelezo zaidi ya yale aliyoyatoa mwenyewe.

Kuhusu gharama, vitambaa, viondo, kayamba, wanasesere wa kitambaa na bango la ramani, vyote kwa pamoja, havikufika bei ya sanduku, na vingi vitatumika kwa miaka kadhaa. Shule yenye fedha za kutosha na maktaba ya vifaa inaweza kununua sanduku kwa ajili ya bendera, ala na baadhi ya kadi, kisha ikauweka mwongozo kabatini. Shule yenye bajeti ndogo isilinunue. Duka nililonunua linakubali kuuza bendera peke yake mteja akiuliza, ingawa halitangazi hivyo, na mnunuzi aombe sanduku lifunguliwe kaunta kabla ya kulipa, aikague mikunjo ya kimono, asome kibandiko cha mwanasesere wa Afrika, na aitikise kila ala karibu na sikio ili ajue kama kuna mbegu iliyolegea.